Namna ya kunyoosha dokumentesheni ya logging ya Python, hatua kwa hatua (hata kwa bando la kuungaunga)

Wakuu, hii nawaandikia hasa vijana mnaosoma kompyuta hapa Dodoma na nyie mlioanza vibarua vya kutengeneza mifumo, maana swali ni lilelile kila nikikutana na mtu, "nachangiaje programu huria?", na anaeuliza anadhani lazima aanze na kodi ngumu. Anza na dokumentesheni bana. Na muanzie kwenye logging ya Python (moduli inayoandika kumbukumbu, yaani logi, za yanayotokea ndani ya mfumo) kwa sababu karibu kila mfumo unaigusa, halafu ni moduli ambayo ukiikosea mara nyingi haipigi kelele, inanyamaza tu. Kazi yako ni kusaka pale inaponyamaza na kuhakikisha msomaji anaambiwa mapema, sio baada ya bosi kumuuliza logi za jana ziko wapi.

Hatua ya 1: jua unagusa ukurasa gani

Dokumentesheni ya logging haiko sehemu moja. Kuna mafunzo ya mtu anaeanza, `Doc/howto/logging.rst`, kuna mapishi ya matatizo maalum, `Doc/howto/logging-cookbook.rst`, na kuna rejea zenyewe ndani ya `Doc/library/`: `logging.rst`, `logging.config.rst` na `logging.handlers.rst`. Kila moja ina msomaji wake. Maelezo marefu ya "kwanini" ukiyasukumia kwenye rejea utaambiwa uyahamishe, na kweli yatakuwa yamekaa vibaya.

Moduli ilipendekezwa kwenye PEP 282 (PEP ni pendekezo rasmi la kuboresha Python) ikaingia na Python 2.3 mwaka 2003, na iliiga mambo mengi toka log4j ya Java, ndo maana unakuta `getLogger` na `basicConfig` zimeandikwa kijavajava. Usianze kupendekeza majina yabadilishwe. Hiyo sio dokumentesheni tena, hiyo ni vita.

Hatua ya 2: endesha kila mfano kwa mkono wako

Hapa ndo penye utajiri kwahiyo usipite haraka. Fungua faili tupu, tuseme ni mfumo wa stoo ya alizeti pale Nkuhungu:

```python
import logging
log = logging.getLogger("stoo")
log.info("gunia 40 zimeingia")
log.warning("mizani haisomi")
```

Ukiendesha unapata mstari mmoja tu, `mizani haisomi`, hauna saa, hauna levo (uzito wa ujumbe), hauna jina la loga (kitu kinachopokea ujumbe). Gunia 40 zimeyeyuka. Sababu ni kwamba loga ya mzizi (ile ya juu kabisa ambayo nyingine zinarithi kwake) inaanza na levo ya WARNING, ambayo ni 30, na INFO ni 20 kwahiyo haifiki, na kwa vile hujaweka hendla yoyote (sehemu inayopeleka ujumbe kwenye faili au skrini) basi Python inatumia hendla ya akiba inaitwa `logging.lastResort` (ipo tangu 3.2) inayotupa ujumbe mtupu kwenye stderr (njia ya makosa, kwa kawaida ni skrini yako).

Sasa ongeza `logging.info("naanza")` mara tu baada ya `import logging`, halafu chini yake `logging.basicConfig(level=logging.INFO)`. Zile INFO bado kimya! Kwa sababu ile `logging.info` ya moduli yenyewe ikikuta mzizi hauna hendla inaita `basicConfig` kimyakimya, na `basicConfig` ya pili ikikuta hendla ishakuwepo haifanyi kitu, haitupi hata kosa, mpaka uweke `force=True` iliyokuja na 3.8. Mambo haya yameandikwa, ila jiulize: mtu aliyefika kwenye ukurasa huu toka Google, akasoma aya moja tu na kunakili mfano, atayajua? Kama jibu ni hapana, hapo una kitu cha kurekebisha. Kinote kwenye daftari na endelea.

Hatua ya 3: anza na madhara, sheria ifuate

Chukua `RotatingFileHandler`, hendla inayoanza faili jipya la logi la zamani likijaa. Sheria ni kwamba `maxBytes` au `backupCount`, yoyote kati yao ikiwa sifuri, faili halizungushwi, na zote mbili zinaanza na sifuri. Ni sahihi kabisa, lakini mtu anaweka `maxBytes` peke yake akijua kamaliza. Linganisha, naandika kwa Kiswahili ili tuelewane:

Kabla: "Iwapo mojawapo ya thamani hizi ni sifuri, mzunguko hautokei."

Baada: "Ukiweka `maxBytes` peke yake faili litaendelea kukua, kwa sababu `backupCount` isipotajwa ni 0. Weka zote mbili."

Ya pili ni ndefu kidogo na sioni shida. Kuhusu Kiingereza, usikionee aibu cha kwako, sentensi fupi za mtu aliyejifunzia lugha darasani mara nyingi zinasomeka vizuri kuliko za mwenyewe anaejimwaga, na wasomaji wengi duniani wako kama wewe.

Hatua ya 4: kagua saa kwenye mifano

Hii wanaisahau sana. Seva nyingi ziko UTC (saa ya kimataifa) na sisi tuko mbele kwa saa 3, kwahiyo logi inasema 05:40, simu yako inasema 08:40, na mlinzi wa stoo anakwambia tatizo lilitokea saa mbili na dakika arobaini. `Formatter`, inayopanga mstari wa logi uonekaneje, inatumia saa ya mashine husika isipokuwa ukibadilisha `converter` kuwa `time.gmtime`. Mfano mzuri uonyeshe majira, mfano `datefmt="%Y-%m-%d %H:%M:%S %z"`, na useme wazi kwamba ukiweka `datefmt` zile milisekunde zinazowekwa zenyewe usipoiweka zinapotea.

Hatua ya 5: jenga kwenye mashine yako

Fanya foku (nakala yako mwenyewe) ya ripo ya CPython, yaani kodi ya Python yenyewe, kwenye GitHub, halafu usivute historia yote, bando litalia:

```
git clone --depth 1 https://github.com/jina-lako/cpython
cd cpython/Doc
make venv
make html
```

Kurasa zinatokea `build/html`. Faili ni za reStructuredText, sio Markdown, kwahiyo kodi ndani ya sentensi inafungwa kwa alama mbili za backtick kila upande sio moja. Maliza na `make check`.

Hatua ya 6: tuma

Kitu kimoja kwa kila PR (pull request, ombi la kuunganisha mabadiliko yako), sio zile noti zako zote kwa mpigo. Kosa dogo la herufi halihitaji kufungua tiketi (issue ya GitHub), ila ukiandika upya aya nzima fungua kwanza, kisha kichwa cha PR kianze na `gh-` na namba yake. Mara ya kwanza roboti itakudai usaini makubaliano ya mchangiaji, saini. Mkaguzi akikwambia fupisha, fupisha, asipojibu wiki nzima usianze kumtag kila siku, wengi wanafanya kwa kujitolea. Ikiunganishwa itaonekana kwanza docs.python.org/dev, na kama inahusu matoleo yanayotunzwa bado basi itarudishwa huko pia, kwahiyo usishangae ukifungua ukurasa wa kawaida siku hiyohiyo ukakuta bado maneno ya zamani.