Bili ya hospitali Marekani: kabla hujaitisha mchango Tanga

Bili ikifika na wewe una bima, usiipige picha ukaituma kwenye grupu la ukoo. Kabla ya magharibi baba mkubwa wa Ngamiani atakuwa ameshateua mweka hazina, shangazi wa Makorora ameshatafuta mteja wa kiwanja, na wewe bado hujajua kama deni lenyewe ni lako.

Wengi wetu tumezoea mambo ya dirishani. Pale hospitali ya Bombo, kama huna kadi ya bima, unapewa namba ya malipo, unalipa, unarudi na risiti ndipo unaingia maabara. Marekani unatibiwa kwanza, bili zinafuata wiki kadhaa baadaye, na si lazima iwe moja. Hospitali inaleta yake, daktari wa dharura yake, aliyesoma eksrei yake. Daktari anaweza kuwa hana mkataba na bima yako hata kama hospitali inao. Bili nyingi za kushtukiza zinatokea hapo.

Kwanza tafuta karatasi ya maelezo kutoka kwa kampuni ya bima. Imeandikwa kwamba si bili, ndiyo maana watu huitupa, na hilo ni kosa kubwa, maana ndiyo inayosema unadaiwa kiasi gani. Iweke kando ya bili, ulinganishe tarehe, jina la daktari na kiasi. Vikipishana, usilipe, pigia bima. Kama karatasi hiyo haijafika kabisa, huenda hospitali haijapeleka madai. Angalia na jina pia: kadi ya bima ina jina la babu, hospitali wameandika la baba, kompyuta inaona watu wawili.

Hospitali nayo uiombe bili yenye mchanganuo, kila kipimo na bei yake. Dawa ambayo hukupewa utaiona humo.

Tangu tarehe 1 Januari 2022 ipo sheria ya serikali kuu inayokukinga. Ukitibiwa dharura, au ukihudumiwa na daktari asiye na mkataba ndani ya hospitali yenye mkataba, kwa kawaida unalipa kama vile naye angekuwa na mkataba. Sehemu yako ya kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia bado ni yako, hiyo haifutwi. Ukiletewa fomu ya kukubali kuiacha kinga hiyo, isome kabla ya kusaini. Kwenye dharura, na kwa mtaalamu wa usingizi, hawaruhusiwi hata kukuletea. Gari la wagonjwa la barabarani halimo katika sheria hiyo, ingawa helikopta imo. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo. Ukiona wamekiuka, piga simu ya malalamiko ya serikali kuu, 1-800-985-3059.

Bima ikikataa kulipa, una siku 180 za kukata rufaa kwao. Wakikataa tena, unaweza kuomba mapitio ya nje ndani ya miezi 4, na anayeamua si wao. Kila simu andika tarehe, jina la uliyezungumza naye na namba ya shauri. Kiingereza cha bima kinawachosha hata wenyeji, kwa hiyo omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia bure.

Deni likibaki kuwa lako kweli, uliza fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za kibiashara zinalazimika kuwa na utaratibu huo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali. Usianze kulipa kwa kadi ya mkopo kabla hujaijaza, maana deni likishahamia benki, kupunguziwa kunakuwa kugumu zaidi.

Mama akija kutembea na bima ya msafiri, kinga ile ya sheria haimhusu. Bima nyingi za namna hiyo hazilipii maradhi aliyokuja nayo, kwa hiyo kama ana presha au sukari, soma kipengele hicho kabla hujamkatia tiketi, na dawa zake za muda wote atakaokaa azibebe kutoka Tanga pamoja na cheti cha daktari.