Kupaka picha ya sura kwa utaratibu wa Antwerp, kama ulivyotumika katika kasri la kaizari Vienna

Frans Luycx alizaliwa Antwerp, mji wa Flandria katika Ubelgiji ya leo, mwaka 1604. Kufikia mwaka 1638 alikuwa Vienna, mchoraji wa Ferdinand wa Tatu, Kaizari wa Dola Takatifu la Roma, na huko alibaki hadi alipofariki mwaka 1668. Alitunukiwa uungwana kwa jina la von Leuxenstein, heshima ambayo mafundi wa rangi wengi hawakuifikia. Kutoka kwao Flandria alichukua utaratibu wa karakana: nini kianze, nini kisubiri kukauka, nini kifanywe mhusika akiwa amekaa mbele yako, na nini kifanywe ameshaondoka. Utaratibu huo bado unafuatika. Hapa tunaueleza kwa picha ya kichwa na kifua, ukubwa wa sentimita 60 kwa 75.

Ujue kwanza picha ilitakiwa ifanye nini. Dada yake Ferdinand, Cecilia Renata, aliolewa na mfalme wa Poland mwaka 1637. Mdogo wake, Leopold Wilhelm, alitawala Brussels kuanzia mwaka 1647 hadi 1656. Binti wa Ferdinand, Mariana, aliolewa na Philip wa Nne wa Hispania mwaka 1649. Ukoo huo ulitawanyika Ulaya nzima na ulionana kwa picha. Kwa hiyo sura ilipaswa kuwa ya kweli, hata taya la chini lililochomoza ambalo ukoo wa Habsburg ulirithishana. Nguo na nishani zilipaswa kutaja cheo bila kukosea. Na picha yenyewe ilipaswa kunakilika. Hatua zote zinazofuata zinatokana na mahitaji hayo matatu.

Kitambaa na tabaka za chini

Tumia kitambaa cha kitani kilichofumwa vizuri, kikiwa kimevutwa kwenye fremu mpaka ukikipiga kidole kilie kama ngoma. Mafuta ya rangi yakigusa nyuzi moja kwa moja huziozesha, ndiyo maana mafundi walipaka gundi ya ngozi kwanza. Loweka gramu 70 za gundi kavu katika lita 1 ya maji usiku kucha, kisha ipashe moto katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji. Isizidi nyuzi 60 za Selsiasi. Ikichemka inapoteza nguvu ya kushika. Ikipoa na kuganda kama uji mzito, ipake tabaka moja jembamba. Ukiwa mahali penye unyevu mwingi kama Mombasa au Zanzibar, gundi hii itanyonya unyevu na kitambaa kitalegea na kukaza kila msimu. Hapo ni heri kutumia rangi ya msingi ya akriliki, tabaka tatu, kila moja ikipigwa msasa mwepesi.

Juu yake zinakuja tabaka mbili za rangi ya mafuta, na wengi wanaokwama hukwama kwa sababu wameziruka. Ya kwanza ni udongo mwekundu, uliolainishwa kwa tapentaini kidogo. Iache wiki nzima. Ya pili ni ya kijivu: sehemu 5 za nyeupe, sehemu 1 ya nyeusi ya mifupa, na nusu sehemu ya amba ya kuchoma, yaani udongo wa hudhurungi uliochomwa. Amba ina manganizi, nayo huharakisha ukaukaji; nyeusi peke yake inachelewa sana kukauka. Unatafuta rangi ya majivu ya kuni, yenye joto kidogo. Itandaze kwa kisu kipana ili wekundu wa chini uchungulie hapa na pale.

Kijivu hicho kinakupunguzia nusu ya kazi ya uso. Rangi nyepesi ya mwili ikipitishwa kwa wembamba juu yake, jicho linaona ubuluu hafifu, sawasawa na ule unaoonekana pembeni mwa kipaji na chini ya jicho la mtu mwenye ngozi nyeupe. Ukipaka moja kwa moja juu ya nyeupe itabidi uutengeneze ubuluu huo kwa kuchanganya rangi, nao mara nyingi hutoka kama alama ya kipigo.

Onyo kuhusu rangi za kale. Nyeupe ya wakati huo ilikuwa ya risasi, na nyekundu kali ilikuwa na zebaki. Zote ni sumu. Badala yake tumia nyeupe ya titani na nyekundu ya kadimiamu, na hata hiyo ya kadimiamu usiikwangue ikiwa kavu, vumbi lake ni baya. Epuka nyeupe ya zinki: inakuwa kavu kama ganda la yai na kupasuka baada ya miaka michache.

Mkao na mwanga

Mgeuze mhusika robo tatu, mwanga utokee kushoto kwake au kwako, juu kidogo ya kichwa, na uingie kwenye uso kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Simama mita 2 hadi 2.5 kutoka kwake. Mafundi wa Ulaya walipenda dirisha la kaskazini kwa sababu jua halipiti huko. Karibu na ikweta sheria hiyo haifanyi kazi: Nairobi na Dar es Salaam, mwezi wa Juni jua liko kaskazini, Desemba liko kusini. Tundika shuka jeupe dirishani, mwanga utatulia mwaka mzima.

Watawala hawakukaa muda mrefu mbele ya mchoraji. Panga vikao viwili au vitatu, vya saa moja kila kimoja, na uvitumie vyote kwa kichwa tu. Mikono na mavazi vitasubiri mtu mwingine avae, au nguo ivalishwe sanamu ya mbao.

Uso

Chora mistari mikuu kwa brashi nyembamba na amba iliyolainishwa. Kichwa chote, kutoka kidevu hadi utosi, kiwe kati ya sentimita 20 na 22. Kikizidi hapo kinaonekana kama kinamrukia mtazamaji.

Rangi ya mwili kwenye nuru, kwa ngozi ya watu wa kasri hilo: sehemu 6 za nyeupe, 1 ya udongo wa njano, nusu ya nyekundu. Kwa ngozi nyeusi au ya maji ya kunde anza na amba ya kuchoma na udongo mwekundu, uongeze njano na nyeupe kidogo kidogo; na hapo rangi ya chini iwe na giza zaidi, kwa sababu kijivu chepesi kitatokeza kama vumbi. Nuru ipakwe nzito. Kivuli kipakwe chembamba, karibu kiwe cha kupenya, kwa amba na udongo mwekundu, bila nyeupe hata chembe. Nyeupe kwenye kivuli huleta uchokaa, nyeusi huleta uchafu. Katikati ya nuru na kivuli acha kijivu cha chini kifanye kazi, usikifunike. Wekundu uwekwe sehemu tatu: sikio, shavu, ncha ya pua.

Jicho lina mitego yake. Sehemu tunayoiita nyeupe ya jicho haina weupe. Ni kijivu cha joto, na juu yake kuna kivuli cha kope la juu. Ukiipaka nyeupe, mhusika atakuwa amekodoa. Kope la chini lina ukingo mwembamba unaong'aa kwa unyevu: mstari mmoja, uliokatika katikati. Nukta ya nuru kwenye mboni ni moja kwa kila jicho, upande mmoja kwa macho yote mawili, ikipakwa mwisho kabisa kwa rangi nzito na kuachwa bila kuguswa tena.

Nguo

Wiki mbili baada ya uso, rudi kwenye mavazi. Kasri la Vienna lilifuata mavazi ya Hispania, nyeusi kwa wingi, na nyeusi ndiyo inayomtambulisha fundi. Gawa nguo katika toni tatu za kijivu kilichokolea na amba, ziache zikauke, ndipo upitishe nyeusi nyembamba juu yake. Nyeusi tupu iwekwe penye mikunjo ya ndani tu. Mahameli inang'aa kwenye kingo za mkunjo, tena kwa ulaini. Satini inang'aa katikati ya mgongo wa mkunjo, tena kwa ukali. Ukizichanganya, mtazamaji ataona kitambaa asichokijua.

Kwa mahameli nyekundu, paka kwanza nuru na vivuli vyote kwa udongo mwekundu, nyekundu kali na nyeusi. Ikauke wiki mbili. Kisha pitisha tabaka angavu: sehemu 1 ya rangi nyekundu ipenyayo nuru kwa sehemu 2 za mafuta ya kitani yaliyochanganywa nusu kwa nusu na tapentaini. Ipanguse kwa kitambaa kwenye kingo zenye nuru. Usinunue mafuta ya kitani yaliyochemshwa yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Yana vikaushio na yanageuka njano. Na kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake: la juu likikauka kabla ya la chini, litapasuka.

Lesi ya kola ndiyo sehemu tunayoipenda kuliko zote, na inahitaji subira zaidi ya kipaji. Weusi wa nguo uwe umekauka kabisa. Pitisha kijivu chepesi, chembamba, kwa umbo lote la kola, hadi weusi uonekane kama kupitia ukungu. Wakati huo weka nyeupe kwenye karatasi ya gazeti kwa saa moja, karatasi inyonye mafuta na rangi ishike kama siagi ya baridi. Kwa brashi yenye ncha, weka ua moja la lesi hatua kwa hatua: kwanza nukta za ukingo, kisha shina, kisha madoa mazito penye fundo. Usifuate kila uzi. Tawi moja lililo karibu na nuru likamilike, mengine yadokezwe kwa nukta. Mwisho rudisha matundu machache kwa nyeusi, na kola itainuka juu ya nguo.

Nishani ya Ngozi ya Dhahabu, kondoo mdogo aning'inizwaye kwa kufungwa kiunoni mwake, ilikuwa alama ya wanaume wakuu wa ukoo huo. Haipakwi kwa dhahabu. Toni nne zinatosha: amba, udongo wa njano, njano nyepesi, na nukta moja au mbili za nyeupe.

Nakala

Uso wa asili ulibaki karakanani kama kielelezo. Chukua karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, iweke juu ya picha iliyokauka, fuata mistari mikuu, iondoe kwenye picha, itoboe kwa sindano kila milimita 3, kisha igongegonge kwa kifuko cha unga wa mkaa juu ya turubai jipya. Nakili kutoka picha ya kwanza kila mara. Nakala ya nakala hupoteza sura: macho yanakuwa makali, taya linalainika, huku vito vikibaki vizuri kwa sababu msaidizi alivifurahia zaidi. Ukichunguza picha za kale, tafuta mahali ambapo mchoraji alibadilisha mawazo, kidole kilichosogezwa au kola iliyoshushwa. Mabadiliko hayo yanaelekeza kwenye picha ya asili, kwani mnakili hana sababu ya kusitasita.

Kusafirisha

Subiri miezi 6 kabla ya vanishi. Picha ikilazimika kukunjwa, izungushwe kwenye bomba la kipenyo kisichopungua sentimita 15, rangi ikitazama nje. Watu wengi huigeuza ndani wakidhani wanailinda. Rangi iliyobanwa ndani husagika na kuinuka, ila iliyo nje, ikipata ufa, ufa huo hujifunga picha inaponyooshwa. Na nyuma ya fremu, kwa kalamu ya risasi, andika jina kamili la mhusika, umri wake na mwaka. Usiandike kwenye kitambaa, alama itapenya mbele.