Soma Kibati Kabla ya Nembo: Injini na Gredi za Gari Lililotumika kwa Mnunuzi wa Mwanza

Mwaka jana nilimsindikiza shemeji yangu hadi Nyakato kuangalia Toyota IST ya rangi ya fedha. Gari lilikuwa limeoshwa, tairi zimepakwa dawa mpaka zinameremeta, na kwenye mlango wa buti palibandikwa herufi S. Dalali alitueleza kwamba hiyo ni "ful opsheni, cc 1500", na bei aliyoitaja ilikuwa kweli bei ya cc 1500. Nilimwomba afungue boneti. Kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi palikuwa na kibati chembamba kilichoshika oili na vumbi. Nilikifuta kwa kidole gumba, na maandishi yakajitokeza: NCP60. Kwa anayejua kuyasoma, maandishi hayo yanasema kwamba gari lile lilitoka kiwandani na injini ya cc 1300. Dalali alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkuu, hiyo ni tofauti ndogo tu." Kwa nini basi aliiweka kwenye bei, hakutueleza.

Jina lililoandikwa nyuma ya gari halikutajii gari unalonunua. Chini ya jina moja la IST, Premio au Harrier kiwanda kilitoa magari kadhaa yaliyotofautiana kwa mambo mawili: injini, na gredi, yaani kiwango cha vifaa na mapambo. Mnunuzi anapaswa kuyatenganisha mambo hayo mawili kichwani, kwa sababu muuzaji hupenda kuyachanganya na kuyafunga pamoja katika neno "ful opsheni", neno ambalo kwa uzoefu wangu halina maana yoyote inayoweza kuthibitishwa. Pia neno gredi lina maana mbili. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, gredi 4 au 4.5 inahusu hali ya gari siku lilipokaguliwa, na herufi R huonyesha gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Gredi ninayoizungumzia hapa ni ile ya kiwandani, ambayo haibadiliki hata gari likichakaa.

Kukisoma kibati

Magari mengi yanayotembea jijini kwetu yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe, kwa hiyo hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika kwa magari ya Ulaya na Marekani. Badala yake yana namba ya fremu, ambayo sisi tunaiita namba ya chesisi: kwa mfano NCP61, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Ile sehemu iliyo kabla ya kistari ndiyo yenye habari unayoitafuta.

Kwa Toyota, herufi ya kwanza hukuelekeza kwenye ukoo wa injini. N ni injini za NZ, K ni za KR, A ni za AZ, M ni za MZ, na Z ni za ZZ au za ZR zilizokuja baadaye. Herufi zinazofuata pamoja na tarakimu hutaja ukoo wa gari, kizazi chake na namna linavyoendeshwa. Kwa hiyo Premio ya kizazi cha kwanza ikiwa NZT240 ina injini ya cc 1500, ikiwa ZZT240 ni cc 1800, na ikiwa AZT240 ni cc 2000. Magari matatu hayo ukiyapanga ubavu kwa ubavu, mtu asiyefungua boneti atayaona kuwa ni mamoja. Tarakimu ya mwisho ikiwa 5, mara nyingi gari ni la 4WD, yaani linavutwa na magurudumu yote manne, kama ilivyo kwa IST ya NCP65, Premio ya ZZT245 na Harrier ya ACU35. Ukoo wa Corolla haufuati desturi hiyo: Fielder ya NZE121 huvutwa na magurudumu ya mbele tu, na ya 4WD ni NZE124.

Mbali na namba ya fremu, kibati hubeba jina la modeli, ambalo huanza vilevile, kisha huendelea baada ya kistari kwa herufi nyingine tano hivi. Ya tatu kati ya hizo hutaja giaboksi: M ni gia za mkono, P ni otomatiki ya gia nne, na X ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Herufi hiyo usiipite haraka, kwa sababu CVT hutaka oili yake maalumu, na fundi akiweka oili ya otomatiki ya kawaida kwa kudhani kwamba zote ni oili za gia, utalipia kosa hilo kwa giaboksi nzima. Ya nne kwa kawaida huhusu gredi. Huna haja ya kukariri herufi zote, kwa kuwa zipo katalogi za spea mtandaoni ambazo ukiingiza namba ya fremu hukuonyesha injini, gredi, mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Piga picha ya kibati, urudi nyumbani, utafute kwa utulivu.

Kibati nacho hakisemi kila kitu. Subaru Forester ya SG5 ni cc 2000, lakini X haina turbo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, na XT inayo, na matumizi ya mafuta ya magari hayo mawili hayalingani hata kidogo. Hapo utalazimika kuiangalia injini yenyewe.

Injini kwa vilima vyetu

Ziwa Victoria liko takriban mita 1134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Mwanza vinapanda kutoka hapo. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye vitabu vyake. IST ya cc 1300 ina nguvu za farasi 87 kwenye karatasi. Ukiondoa fungu hilo, ukaongeza abiria wanne, kiyoyozi na kipande cha mlima wa Bugando, utaelewa kwa nini dereva hulazimika kuzima kiyoyozi akianza kupanda. Ile ya cc 1500 ina farasi wapatao 109, na tofauti hiyo huisikia mguuni. Shemeji yangu anaishi Kirumba na safari zake za kila siku haziendi mbali zaidi ya Pasiansi, kwa hiyo nilimshauri aichukue ile NCP60, lakini kwa bei ya NCP60, na baada ya siku tatu za mvutano ndivyo ilivyokuwa. Angekuwa anakaa juu Bugarika, au ana safari za Geita kila wiki na mizigo kwenye buti, ningemwambia asubiri apate NCP61.

Injini ya cc 1000 aina ya 1KR-FE, inayopatikana kwenye Vitz ya KSP90 na Passo ya KGC10, ina silinda tatu, na mtetemo wake gari likiwa limesimama ni wa kawaida. Usikubali fundi akuuzie vifaa vya kuutibu kabla hajakuonyesha kilichoharibika. Inafaa kwa mjini, kwenye tambarare. Kwa safari ndefu ya watu watano utaichosha.

Injini ya cc 1500 aina ya 1NZ-FE ndiyo ninayompendekezea mtu asiyetaka kufikiria sana. Imo kwenye IST, Raum, Probox, Spacio, Fielder, Premio na Allion, na kwa sababu hiyo spea zake huzikosi, na fundi wa Igoma au wa Sengerema ameshaifungua mara nyingi kiasi kwamba haisomei kwenye gari lako. Ya cc 1800 aina ya 1ZZ-FE ina nguvu nzuri mlimani, lakini zile za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili. Chomoa stiki ya oili kabla ya kuiwasha, kisha iwashe ikiwa ya baridi, kanyaga mafuta, na umwombe mwenzako asimame nyuma aangalie kama bomba la moshi linatoa rangi ya bluu. Ukifika ukakuta muuzaji ameshaipasha moto injini, mwambie utarudi kesho asubuhi.

Kuhusu cc 2000 aina ya 1AZ-FSE, ile iliyoandikwa D-4, watu wengi wameitupia lawama kupita kiasi. Injini hii hunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo mafuta hayapiti juu ya valvu za kuingiza hewa na kuzisafisha, na masizi hujikusanya hapo polepole. Pampu yake ya mgandamizo mkubwa nayo haivumilii petroli chafu. Kwa mwenye fundi anayeielewa na kituo cha mafuta anachokiamini, ni injini nzuri. Kwa anayejaza mafuta ya kwenye dumu akiwa njiani visiwani, ni mzigo.

Kwenye Harrier kazi ni nyepesi, kwa kuwa tarakimu zenyewe huitaja injini: 240G ni cc 2400, na 300G ni cc 3000 yenye silinda sita. Allion nayo hufanya hivyo kwa A15, A18 na A20. Thibitisha tu kwamba kibati kinakubaliana na nembo, kwa sababu nembo huuzwa dukani na hubandikwa kwa gundi. Na kama unaagiza gari mwenyewe kutoka nje, ujazo wa injini huingia kwenye hesabu ya kodi: ushuru wa bidhaa hupanda injini inapovuka cc 1000, na hupanda tena inapovuka cc 2000. Tumia kikokotoo kilicho kwenye tovuti ya TRA siku ile unayotaka kulipa, wala usitegemee hesabu ya rafiki aliyeagiza mwaka juzi.

Gredi ya juu si lazima iwe bora kwako

Watu hushangaa ninapowaambia kwamba kwa barabara zetu za mawe mara nyingi ningechagua gredi ya chini. Gredi za kimichezo huja na bampa iliyoshushwa, sketi za pembeni, rimu kubwa na tairi zenye ubavu mwembamba. Kwenye lami ya Barabara ya Nyerere zinapendeza. Ukiingia vichochoro vya Mabatini baada ya mvua, pale maji yanapofukua udongo na kuacha jiwe limechomoza katikati ya njia, bampa ndiyo inayotangulia kulisalimu. Gredi ya chini yenye rimu za chuma na tairi nene hupita hapo taratibu bila kelele. Na wala usidhani kwamba 4WD humaanisha gari limeinuka. Pima mwenyewe nafasi iliyo chini yake.

Kuna herufi nyingine ambazo ni bora kuziogopa kuliko kuzitamani. Harrier iliyoandikwa AIRS ina sasipensheni ya hewa, na ikianza kuvuja, gari hulala chini kama ng'ombe aliyeshiba, na bili yake haifanani na ya kubadili shokapu za kawaida.

Vifaa ninavyokubali kuongeza pesa kwa ajili yake ni vya usalama: breki za ABS na mifuko ya hewa. Geuza ufunguo bila kuwasha injini na uangalie dashibodi. Taa ya ABS na ya mfuko wa hewa lazima ziwake kwa sekunde chache kisha zizime. Isiyozimika ina hitilafu; isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa balbu ili usiulize maswali. Viti vya ngozi, kuwasha kwa kitufe na redio yenye skrini vilipie kama mapambo, na kama redio inaongea Kijapani tu, usiilipie kabisa.

Likishakuridhisha, chukua kadi ya gari na ulinganishe mistari minne: namba ya chesisi, namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, ujazo wa injini na mwaka wa kutengenezwa. Gari la namba D lililozunguka mikononi mwa watu wengi linaweza kuwa limebadilishwa injini, na hilo peke yake si kosa, ila kama namba ya injini haifanani na ya kwenye kadi, muuzaji ndiye anayepaswa kwenda TRA kurekebisha kumbukumbu, na aende kabla hujalipa hata malipo ya awali.