Rafti Sagana kwa siku moja kutoka Nairobi: hatua kwa hatua, na urudi na meno yako yote

Jino langu la mbele limemeguka kidogo na wala si mto ulilimegua, ni kafi (kasia fupi la mkono) la mwenzangu. Nilikuwa bado najifunza kazi, tukaingia kwa rapidi, pale maji yanaporuka kwa kasi kwenye mawe, jamaa aliyekaa mbele yangu akaachilia mkono ulioshika kichwa cha kafi ndio ashike kamba, lile kafi likarudi nyuma kama fimbo ya mwalimu wa zamani. So mkiniona huko chini nikirudia rudia mambo ya mkono msidhani ni maringo, daktari wa meno alikula pesa yangu.

Sasa mimi ndiye hukaa nyuma ya rafti, ile boti ya mpira iliyojaa upepo, nikiongoza. (Mimi ni guide, usiniite "gaidi" tafadhali, kuna mteja alimwambia mamake kwa simu "niko na gaidi wa mto" na mama akataka kupiga simu polisi.) Hii hapa ndiyo njia ninayowapa watu wa Nairobi wakiniuliza.

Hatua ya 1: Uliza maji kabla ya kuuliza bei

Maji ya hapa yanatoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ndio yanaungana kuwa mto Tana. Maana yake ni kwamba mvua ya huko juu ndiyo inaamua siku yako, si mvua ya Nairobi. Unaweza kutoka Roysambu jua linawaka na ufike ukute mto umebadilika rangi kuwa kama chai ya maziwa na magogo yanapita. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, ndogo Oktoba hadi Desemba. Maji yakiwa mengi boti inaenda kasi na raha ni nyingi, lakini ukianguka unabebwa mbali kabla tukufikie. Yakiwa kidogo mawe yanatokeza, boti inakwama, mnashuka kusukuma kama matatu iliyokufa. Kwa mtu wa mara ya kwanza mimi napenda wiki chache baada ya mvua kuisha.

Rapidi zinapimwa 1 hadi 6, 1 ni maji ya kutikisika tu na 6 ni ya kuangalia ukiwa kando. Huku utakutana sanasana na za 2 hadi 4. Ukipiga simu sema hivi: "maji yako aje wiki hii?" Ukijibiwa "iko tu sawa, kujeni", uliza tena. Mtu anayejua mto atakueleza umepanda ama umeshuka, na lini.

Hatua ya 2: Maswali ya kuuliza kabla hujatuma M-Pesa

Kuna mtu wa kayaki (kiboti chembamba cha mtu mmoja) anayetangulia kuokoa walioanguka? Kila boti ina kamba ya kurusha, ile hukaa ndani ya mfuko? Wakifuta safari sababu ya maji, deposit inarudi ama inaliwa? Chakula kiko ndani ya bei? Na kubwa zaidi, nikiogopa ile rapidi kubwa naruhusiwa kushuka nitembee kandokando niwapate mbele? Jibu likiwa hapana, tafuta watu wengine.

Halafu wewe nawe sema ukweli. Kama hujui kuogelea sema hujui kuogelea, hakuna atakayekucheka, nusu ya watu wangu hawajui na wanaenda vizuri tu kwa sababu nimeshajua nitawakalisha wapi. Anayenitesa ni yule anayesema "mimi ni fiti" mbele ya msichana wake halafu boti ikiinama ananikumbatia mguu. Pumu, kifafa, mimba, bega lililowahi kutoka, yote sema mapema.

Hatua ya 3: Kufika

Ni kama kilomita 100. Thika Road, Kenol, Makutano, Sagana. Kwa matatu panda za Karatina, Nyeri ama Kerugoya, mwambie konda mapema unashukia Sagana, kisha boda. Toka saa kumi na mbili asubuhi, si saa tatu. Chai kunywa, chapati moja kula, lakini usijaze tumbo.

Hatua ya 4: Nguo

Kaptula au taiti, tisheti ya kukauka haraka. Jinzi acha nyumbani, ikilowa ni kama umevaa gunia la mchanga. Viatu ni raba za zamani ukifunga kamba vizuri, ama sandali zenye mkanda wa nyuma. Slipa zitaelea zikutangulie bwawa la Masinga huko chini. Miwani funga na kamba. Simu iache kwa gari, najua unataka picha lakini mto huu umemeza simu nyingi kuliko wezi wa tauni.

Hatua ya 5: Laifjaketi

Vaa, funga vifungo vyote, halafu mwambie mwenzako ashike mabega ya jaketi avute juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni halijakukaza. Kaza mpaka uone ni kama unabanwa kidogo, likishalowa litalegea tu. Helmeti nayo ikae kwa paji la uso, si kisogoni kama kofia ya babu.

Hatua ya 6: Kafi, na hapa nyamaza usikie

Kafi juu lina kichwa kama herufi T. Kiganja chako kimoja kinakaa juu ya hiyo T, vidole vikiifunika yote, kuanzia unaposukuma boti mpaka unaposhuka. Si chini kidogo ya T. Ni juu yake. Ukiiachilia tu, kale kaplastiki kagumu kanakuwa rungu linalozunguka karibu na midomo ya watu watano. Hata nikipiga kelele "kamata!" unashika kamba ya boti na ule mkono mwingine, wa T unabaki kwa T.

Miguu ingiza chini ya ile mirija iliyojaa upepo, kalia ukingo, usikalie ndani kama uko sofani. Nikisema mbele, wote mbele pamoja mkimfuata aliye mbele. Kwa rapidi watu huacha kupiga kafi sababu ya woga, na hapo ndipo mnaanguka, kwa sababu kafi likiwa ndani ya maji ni kama mguu wa tatu. Tukigonga jiwe, kimbilieni upande wa jiwe. Najua akili itakwambia ulikimbie. Mkilikimbia maji yatapanda upande wa pili na boti itageuka.

Hatua ya 7: Ukianguka

Lala chali, miguu mbele unakoenda, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. USISIMAME. Hata maji yakiwa ya magoti, kama yanaenda kasi usisimame, mguu ukinaswa katikati ya mawe maji yanakuinamisha uso chini na hapo hata mimi nitapata shida kukutoa. Ukirushiwa kamba, shika kamba, si mfuko wake, iweke begani na ugeuke chali. Ukiona mti umeanguka ndani ya mto, geuka uogelee kwa nguvu mbali nao.

Tunaanza na sehemu tulivu kwa hivyo haya yote utayafanyia mazoezi, na nitakurusha majini makusudi. Usininunie.

Hatua ya 8: Baada ya hapo

Badilisha nguo, jikaushe vizuri. Usiende kukaa kwenye vidimbwi vya maji yaliyotulia kandokando, konokono wa kichocho wanapenda huko na upande wa Mwea, karibu tu hapo, kichocho kinajulikana. Ukitaka kuwa na uhakika, pima kinyesi baada ya miezi miwili hivi, kabla ya hapo mayai yanaweza yasionekane.

Na usije na tyubu ya lori yako mwenyewe ueleeelee peke yako, kila mwaka kuna mtu anayeniuliza hivyo. Huko chini Masinga kuna mamba na viboko.

Ukirudi, simama pale Makutano ununue mchele wa pishori, bei anayokutajia kwanza si yenyewe. Jumapili toka kabla ya saa kumi, ukichelewa jam ya Thika Road itakula jioni yako yote na mabega yatakuwa yameshaanza kuuma.