Fanya juu kwenye shamba la mteremko: udongo ubaki, kipato kikue

Shamba la mteremko lililolimwa kuelekea bondeni huanza kula faida mapema, hata kabla macho hayajaona mavuno yakipungua. Mvua kubwa huchukua udongo wa juu wenye mboji, pamoja na mbolea uliyoinunua, na msimu unaofuata unanunua zaidi ili uvune kilekile. Dawa yake ni fanya juu: mtaro unaochimbwa kukata mteremko, na udongo wake kutupwa upande wa juu uwe tuta. Kwa hiyo gharama ya matuta hayo ihesabiwe kama mtaji, sawa na mbegu.

Pima mteremko kwanza. Ardhi ikishuka mita 1 katika umbali wa mita 10, huo ni asilimia 10, na mitaro iachane mita 13 hivi. Kwa asilimia 20, mita 10 zinatosha. Mistari ya mitaro, inayofuata usawa wa ardhi, ichorwe kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyounganishwa juu, wa tatu umekingama katikati, na timazi ya kamba na jiwe. Isimamishe, tia alama kamba inapogusa mti uliokingama, kisha geuza fremu miguu ibadilishane nafasi na utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa: kamba ikitulia hapo, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Wengi huruka hatua hii. Mstari ukiinama, maji yote hukimbilia palipo chini, tuta hupasuka, na korongo linaloanzia hapo ni baya kuliko shamba lisilo na tuta.

Chimba wakati wa kiangazi ukianzia juu ya shamba. Mtaro uwe na upana wa sentimita 60 na kina cha 60. Udongo hutupwa upande wa juu, ndiyo maana ya jina lenyewe, na kati ya mtaro na tuta acha ukingo wa sentimita 15 hadi 30, la sivyo udongo utaporomokea mtaroni. Penye mvua haba, ziba ncha za mtaro ili maji yazame. Penye mvua nyingi, uinamishe sentimita 50 kwa kila mita 100 hadi kwenye njia ya maji iliyooteshwa nyasi. Kuyamwaga kwa jirani ni kumpelekea korongo.

Ni kweli, tuta na mtaro hula karibu mita 2 kati ya hizo 13. Majani ya tembo hulipa sehemu hiyo. Mvua zikianza, panda juu ya tuta vipande vya mashina yake vyenye vifundo 3, viwili viwe ardhini, kila sentimita 30. Yakifika mita 1 kata, ukiacha kisiki cha sentimita 10 hivi, ulishe ng'ombe zizini na samadi irudi shambani. Yakirefuka mno hupora maji na mwanga wa mahindi yaliyo kando yake. Mifugo ikiachiwa shambani baada ya mavuno hubomoa matuta.

Kila baada ya msimu, zoa tope la mtaroni ulirushe juu ya tuta. Taratibu ardhi itajipanga ngazi. Penye udongo mfupi juu ya mwamba, usichimbe: panda mistari ya nyasi tu.