Visawe na vinyume vya Kiingereza, achana na kukariri orodha

Wengi mnaojiandaa na mitihani ya S.6, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, ama intavyu za kazi hapa Kampala mnadaunlodi orodha ndefu ya visawe, mnakariri usiku kucha, wiki ikiisha vyote vimeyeyuka. Shida si kichwa chako, shida ni hiyo orodha, juu inakudanganya kwamba maneno yaliyopangwa pamoja yako sawa.

Chukua "thin". Utapewa "slim", "slender", "skinny", "gaunt". Hizo mbili za kwanza ni za kumsifia mtu, "skinny" mara nyingi unamcheka, "gaunt" ni yule aliyekondeshwa na njaa ama ugonjwa. Na hapa Uganda kuna la ziada, miaka ya 1980 ukimwi ulipoanza kuua watu kule Rakai waliuita "slim", kwa hiyo mzee wa upande ule ukimwambia amekuwa slim usitegemee ashukuru.

Sasa nunua daftari la kawaida tu, neno moja ukurasa mmoja. Panga ngazi kuanzia pole mpaka kali, mfano "annoyed", "angry", "furious", halafu pembeni andika kila neno linatembea na nani, hapo ndipo wengi wanaruka na ndipo penye utamu wenyewe. Mvua kubwa ni "heavy rain", chai ya majani mengi ni "strong tea", ukisema "strong rain" watakuelewa lakini watajua umebahatisha.

Mifano toa kwa gazeti, New Vision ama Daily Monitor, unakili sentensi nzima. Tuseme umekuta "The minister rejected the proposal". Toa "rejected" weka "turned down", inakubali ila imekuwa ya maongezi zaidi. Weka "declined", ukali umepungua, waziri sasa anakataa kwa adabu. Weka "denied", imeharibika kabisa, hiyo ni ya kukana tuhuma ama kumnyima mtu kitu. Thesaurus, yaani kamusi ya visawe, haikwambii hayo, inamwaga maneno tu, kwa hiyo neno ulilookota huko lipeleke kwanza kwa kamusi ya wanafunzi yenye sentensi za mifano.

Vinyume navyo viandike pamoja na kitu chenyewe. Kinyume cha "old" kwa gari ni "new", kwa mtu ni "young". "Light" ya mzigo inapingana na "heavy", ya rangi na "dark". Vile vya kubandika kipande mwanzoni mwa neno ni rahisi kidogo, "impossible", "illegal", "irregular", angalia tu herufi inayofuata, "im" iko mbele ya p, "il" mbele ya l, "ir" mbele ya r, ingawa "unpopular" na "unlawful" zitakusumbua, hizo meza tu. Mtego mbaya ni "inflammable", si kinyume cha "flammable", zote ni kitu kinachoshika moto upesi, ukiiona kwa tangi la petroli zima sigara bwana.

Maneno matano kwa wiki yanatosha. Jumapili funika visawe kwa mkono, tunga sentensi zako, na lile linalokugomea lirudishe wiki inayofuata.