Masizi kwenye ncha ya gobore
Ukilenga juani kwa gobore la mtindo wa Kentucky (bunduki ndefu ya kale ya Kimarekani), ile ncha ya shaba ya kulengea iliyo mbele juu ya mtutu humeta upande mmoja, nawe bila kujua unalenga kwa mmeto badala ya ncha yenyewe. Jua likiwa kushoto, risasi inaelekea kulia. Futa mafuta kwenye ncha kwanza, kisha shika mshumaa au kibatari chini yake, moshi uipige hadi iwe nyeusi tii. Masizi humeza mwanga. Gobore liwe tupu na baruti mbali kabisa, hapo sina mzaha. Kidole au mvua vikiyagusa, masizi yanatoka. Na msituni jioni usipake: ncha nyeusi haionekani, afadhali ing'ae.